Ukaguzi wa Mizinga

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupiga miti nyundo. Nyundo yenyewe ilikuwa na herufi za chuma kichwani. Unachonga gome karibu na mzizi, unapiga mara moja kwa nguvu, alama inabaki kwenye mti mbichi, na mti huo umehukumiwa. Nilipelekwa Eldoret nikiwa na cheti kipya, gambuti za serikali zilizonizidi saizi moja, na imani kwamba mtu anayeandika kila kitu vizuri hawezi kukosea. Gambuti nilizirudisha baada ya miaka miwili. Imani hiyo ilinitoka mapema zaidi, na habari hii inahusu jinsi ilivyonitoka.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Kwetu joto halina likizo, na nilipofika mji ule ambao wazee wa pale bado waliuita Sisibo, nilivaa sweta mbili kuanzia asubuhi mpaka jioni na sikuona aibu. Nilipanga chumba Kapsoya, nyuma ya duka la mama mmoja aliyetoka Mkoa wa Kati. Siku ya kwanza aliniuliza, “Wewe kazi yako ni kulinda msitu ama ni kukata?” Nikamjibu kwamba ni vyote viwili. Alicheka mpaka akashika kaunta. Nilimwona hana adabu, lakini sasa naona hakuna mtu mwingine aliyewahi kunieleza kazi yangu kwa ufupi namna ile.

Msitu niliopewa ulikuwa juu ya Timboroa, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne na mkono hukataa kushika kalamu. Kwenye ramani yangu palikuwa kipande chenye namba, kilichobanwa kati ya vijito viwili, chini mitarakwa na podo, juu kabisa mianzi. Serikali ilikuwa imeamua miti hiyo ya asili iondolewe ipandwe saiprasi, na leseni ya kukata alikuwa amepewa mwenye kiwanda kimoja cha mbao. Mtu huyo aliketi mstari wa mbele kila mkutano wa chama. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni kipi.

Ndani ya kipande hicho waliishi watu ambao mjini waliitwa Wandorobo. Jina hilo hawakulipenda, na sisi tulilitumia hivyo hivyo. Mkubwa wao pale alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya ngozi ya pimbi, ambaye tangu siku ya kwanza alinipokea kama mgeni na si kama afisa. Alinieleza kwamba msitu mzima umegawanywa kwa vijito, kila ukoo na kipande chake kutoka bondeni mpaka kwenye mianzi, na kwamba ndani ya kipande chako unawinda na kutundika mizinga, lakini ukitaka kuvuka kijito unaomba kwanza. Kipande kati ya vijito viwili kilikuwa cha baba yake, na kabla yake cha babu yake. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya shamba. Mimi nilikuwa nimesimama na ramani yenye namba, nikaikunja.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchi nzima miaka michache kabla sijaajiriwa. Watu wale walikuwa wawindaji kuliko walivyokuwa kitu kingine chochote. Niliona mitego yao, niliona mbwa wao wembamba wasiobweka ovyo, na zaidi ya mara moja nilikula kwa mzee nyama iliyoitwa mbuzi ambayo haikuwa mbuzi, nikasema mbuzi huyu ni mtamu. Lakini mbele ya chifu hakuna aliyeweza kusimama aseme, hapa ndipo tunapowinda, msitukatie miti. Angekuwa amekiri kosa, na pingu zilikuwa karibu. Kwa hiyo walichoweza kukitaja ni mizinga tu. Asali haikuwa kosa. Mizinga ndiyo iliyobeba mzigo wote, wa nyama, wa makaburi, wa njia za paa na nguruwe wa msituni, wa kila kitu ambacho sheria haikutaka kukisikia.

Nilipiga nyundo wiki tatu. Walinitazama nikipiga na hawakusema neno, nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba wenyeji wana ushirikiano mzuri. Jumatatu iliyofuata tulipanda na lori la wakataji, na tukakuta kila mti wenye alama yangu una mzinga. Mizinga mingine ilikuwa ya zamani, imeota ukungu wa kijani. Mingi ilikuwa mipya kabisa, mtarakwa uliochongwa juzi, na vibanzi vyake vimelala palepale chini ya mti kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuvificha. Wazee na akina mama walikuwa wamekaa kwenye majani, wengine wakisuka mikanda ya ngozi, wametulia kama watu wanaosubiri ibada ianze.

Mkataji mkuu, mtu wa nyanda za chini upande wa Uasin Gishu, aliwasha ule msumeno wa petroli ambao sote tuliuita pawa. Akatazama juu, akauzima.

“Mimi hii siwezi,” alisema. “Hiyo mzinga iko na mwenyewe.”

“Ni kipande cha mti tu,” nilimwambia.

“Basi shika wewe pawa, Foresta, ukate.”

Nilikataa, nikasingizia kwamba sijafunzwa kutumia mashine. Wenzake nao waliweka vifaa chini. Kwao, kuangusha mti wenye mzinga wa mtu mwingine ni jambo ambalo mwanamume mwenye watoto halifanyi, na kwa jambo hilo hawakutofautiana na watu wa msituni hata kidogo. Tulirudi Jumanne, Jumatano, mpaka Ijumaa. Mizinga ilikuwepo, akina mama walikuwepo, na wakataji walikunywa chai na kurudi mjini.

Mkubwa wangu wa kazi pale Eldoret hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu najua msomaji angependa awe mbaya. Alikuwa na vidonda vya tumbo, alikunywa maziwa ya mtindi kwenye glasi ya ofisi, na alichotaka maishani ni kustaafu bila kuitwa na mkuu wa mkoa. Ndiye aliyebuni ukaguzi. Alikaa na chifu na mzee wakakubaliana hivi: mti wenye mzinga wa zamani wenye nyuki hautaguswa, pamoja na miti yote iliyo ndani ya hatua hamsini kuuzunguka. Mizinga mipya itateremshwa, mizinga isiyo na nyuki haitahesabika. Mimi ndiye nitakayekagua, na ripoti yangu itakuwa ya mwisho.

Mzee alikubali palepale, na furaha yake ilinishangaza. Baadaye niliketi na ramani nikaelewa. Mizinga ya zamani ilikuwa imetapakaa kuanzia kijito hadi kijito, na ukichora duara la hatua hamsini kuzunguka kila mmoja, maduara yanagusana. Kipande chote kingebaki. Mzee alikuwa amepiga hesabu hiyo kichwani wakati mkubwa wangu bado anafungua kalamu.

Ukaguzi ulichukua siku nne, mwezi wa Juni. Fomu niliichora mwenyewe kwa rula, nikajisifu moyoni. Palikuwa na safu ya aina ya mti, safu ya mzinga mpya au wa zamani, safu ya nyuki wapo au hakuna, na mwishoni kisafu chembamba cha maelezo ambacho sikukusudia kukitumia. Mvua ilinyesha kila alasiri. Mzee alipanda miti peku, kamba ya mtambaazi kiunoni, kwa umri ule, na mimi nilibaki chini nimebandika sikio kwenye shina, nagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama daktari aliyehitimu jana.

Nilitegemea atanidanganya. Nilijiandaa kabisa kumkamata. Badala yake mizinga mipya alinionyesha mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

“Hii ondoa,” alisema. “Hii tuliweka juzi kwa hasira.”

“Mzee, si ungeniambia ni ya zamani tu? Mimi nitajuaje?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Maneno ya mzinga hatudanganyi. Ukidanganya, nyuki hairudi.”

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza: hairudi kutoka wapi? Sikuuliza. Nilikuwa nafuta maji kwenye fomu.

Tulipofika kwenye mizinga ya zamani, kila mmoja aliutaja na mwenyewe. Huu wa baba. Huu wa ndugu ya baba. Huu nilioa nikiwa nimeutundika. Mimi niliuliza swali moja tu, kila mti swali lilelile.

“Nyuki wapo?”

“Saa hii hakuna.”

Nami niliandika, hakuna. Hilo “saa hii” nililiacha kwa kuwa fomu haikuwa na safu yake, na kisafu cha maelezo sikukigusa. Tukaenda mti unaofuata. Nyuki wapo? Saa hii hakuna. Nikaandika. Tulifanya hivyo mpaka siku ya nne, na hakuna mzinga hata mmoja uliokuwa na nyuki. Nilishangaa kidogo, nikafikiri watu hawa wameacha kazi ya asali siku nyingi na sasa wanaishi kwa kumbukumbu. Wazo hilo lilinipendeza kwa jinsi lilivyosikika la kisomi.

Jioni ya mwisho nilimsomea karatasi zote, mstari kwa mstari, kwa sababu hakujua kusoma na nilitaka mambo yawe safi. Mzinga wa zamani, wa baba yake, nyuki hakuna. Ni kweli, alisema. Mzinga wa zamani, wa ndugu ya baba, nyuki hakuna. Ni kweli. Akaweka dole gumba kwenye kila ukurasa, taratibu, akipuliza wino ukauke. Nilimwona ana furaha na sikuelewa sababu. Kumbe kwake lililokuwa kubwa ni kwamba mizinga ya baba yake imeandikwa kwenye karatasi za serikali, kila mmoja na mti wake. Mzinga usio na nyuki, kwake, ni ule ambao nyuki hawajawahi kuuingia, kwa hiyo safu ya nyuki aliiona ni udadisi wangu tu. Kuniambia nyuki wako wapi mwezi wa Juni ingekuwa kama kumwambia mtu mzima kwamba jua huchwa. Hakuna anayemdharau mgeni wake namna hiyo.

Mkubwa wangu alisoma ukurasa wa mwisho kwanza, kama walivyo wakubwa wote.

“Kwa hivyo hakuna hata mmoja wenye nyuki.”

“Hakuna, Bwana.”

“Umefanya kazi safi sana.”

Nilitembea hadi Kapsoya kwa miguu kwa furaha, nikala chapati nne.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Timboroa kwenye kibanda cha chai, mimi na yule mkataji mkuu, tunangoja lori. Aliniuliza ukaguzi uliendaje. Nikamweleza. Alianza kucheka, kisha akaniangalia vizuri na kicheko kikakatika.

“Foresta, umeenda kutafuta nyuki huko juu mwezi wa sita?”

“Ndiyo.”

“Na hiyo baridi? Nyuki iko chini, kwa maua ya chini. Ikimaliza ya chini, inapanda. Mvua ikiisha, mwezi wa kumi na mbili, nenda utaona. Hata hao wazee wanafuata, wanahama na nyuki na nyama. Kwenu nyuki hakuna?”

Kwetu nyuki wapo. Wanakaa kwenye dari ya kanisa mwaka mzima, Krismasi na Pasaka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mahali pengine nyuki wana safari. Nilimaliza chai kwa sababu ilikuwa mbele yangu.

Kesho yake asubuhi niliingia kwa mkubwa wangu nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Glasi yake ya mtindi ilikuwa nusu.

“Ripoti imeshaenda mkoani,” alisema.

“Tunaweza kuandika barua ya kusahihisha.”

“Niandike nini? Kwamba afisa wangu alipelekwa kutafuta nyuki na hajui nyuki?” Hakupandisha sauti. Alizipanga karatasi za mezani, na moja ya karatasi hizo ilikuwa fomu ya kunithibitisha kazini, maana bado nilikuwa kwenye majaribio. Sidhani alikusudia niione. Lakini niliiona. “Kijana, mwenye leseni amelalamika kwamba kuna watu ofisini wanapinga maendeleo. Hayo maneno unajua yanakoenda. Na wewe ni mtu wa ziwa. Wacha hii.”

Miaka ile, baada ya mapinduzi yale yaliyoshindwa, mtu wa ziwa alikuwa anaangalia nyuma mara mbili kabla ya kufungua mdomo, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wapo waliofungua. Nimejitafutia udhuru miaka mingi na huo ndio mzuri kuliko wote nilioupata, na bado hautoshi.

Mwezi wa Agosti mkuu wa tarafa, ambaye sote tulimwita DO, aliitisha baraza kambini kwa chifu. Bendera ilipandishwa, wimbo wa chama ukaimbwa, aya zote. Watu wa msituni walikaa upande wa kushoto, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja. DO alitangaza kwamba ukaguzi umefanyika, mizinga ni mitupu, na kazi itaanza. Mzee akainuka, akavua ile kofia ya pimbi.

“Mimi sina maneno mingi,” alisema. “Huyu kijana wa serikali alitembea na mimi siku nne. Mvua ilimnyeshea, hakutoroka. Hajanidanganya na mimi sijamdanganya. Ulizeni yeye.”

DO alinigeukia, na nikasimama.

“Kulikuwa na nyuki ama hakukuwa?”

“Hakukuwa, Bwana DO.”

“Ni kweli,” alisema mzee, akiitikia kwa kichwa kuniunga mkono. “Haya, endelea.”

Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimeipanga usiku uliopita: mwezi ule nyuki huwa bondeni, watapanda Desemba, tunaomba ukaguzi urudiwe. Haikuwa ndefu. Mkubwa wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwenye leseni alikuwa ananiangalia mimi.

“Kuna mengine?” DO aliuliza.

“Hapana, Bwana.”

Nikaketi. Mzee aliendelea kusimama kwa muda, ameelekeza sikio upande wangu, kwa subira ya mtu anayesubiri mwenzake amalize kukohoa. Alipoona sisemi alijaribu mwenyewe. “Bwana DO, nyuki ya huku juu, mwezi wa sita—”

“Mzee, hiki kidole ni cha nani?” DO alikuwa ameinua karatasi zangu. “Si umeweka hapa, ukurasa kwa ukurasa? Hii maneno imeisha.” Watu wa mstari wa mbele wakacheka. Mzee alizitazama zile karatasi kwa mbali, kisha akanitazama. Sikuona hasira usoni pake. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu fulani, na hilo nililichukia zaidi ya hasira.

Wakataji wapya waliletwa kutoka mbali, watu ambao mzinga kwao ulikuwa gogo lenye tundu. Siku ya kwanza watu wa msituni walikaa chini ya miti, na askari wakawabeba mmoja mmoja hadi kwenye lori, akina mama wakiwa wazito makusudi. Siku ya pili walirudi. Siku ya tatu walirudi wachache, kwa sababu wanaume wengine walikuwa wameshtakiwa kwa kuingia msitu wa serikali bila ruhusa, msitu walimozaliwa. Waliachiliwa baada ya muda, wakarudi, wakakaa tena. Walifanya hivyo hadi Oktoba, wakipungua. Mzee aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kuteremsha mzinga kabla mti haujaanguka. Alikubaliwa. Kila asubuhi alipanda, akateremsha mizinga, akavuka kijito na kuipanga upande wa pili, nje ya mpaka, na nyuma yake pawa zikawaka. Barua ya kunithibitisha kazini ilikuja mwezi huohuo wa Oktoba.

Desemba mvua iliisha. Mbingu ilikuwa ya buluu kabisa, na miti iliyobaki ng'ambo ya kijito ilichanua maua meupe. Nilikuwa nimepanda kupima magogo. Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuja kutoka bondeni kundi baada ya kundi, wakapita juu ya visiki, wakafika mahali fulani hewani na kuanza kuzunguka. Mahali penyewe palikuwa patupu. Nilihitaji muda kuelewa kwamba wanazunguka pale ambapo miti ilikuwa imesimama. Ukiniuliza ni nini nilichojifunza katika miaka yangu yote ya misitu, nitakuambia ni hicho: nyuki wanajua mti wao kwa kimo.

Wengine walitua kwenye visiki, wengine kwenye marundo ya magogo. Kundi kubwa kuliko yote lilitua kwenye trekta ya kuvutia magogo, kuanzia chini ya kiti mpaka kwenye winchi, kiasi kwamba rangi ya trekta haikuonekana. Wakataji walikimbia. Dereva alikimbizwa hospitali mjini akiwa na uso uliovimba hadi macho hayaonekani. Kazi ilisimama siku tatu. Kilichowashinda akina mama na wazee miezi mitatu, nyuki walikifanya asubuhi moja.

Siku ya nne mwenye leseni alituma madumu ya dizeli. Nyuki wamwagiwe wakiwa wamelala asubuhi na baridi, alisema, wachomwe, trekta itapakwa rangi upya. Mkubwa wangu alishtuka, kwa ajili ya trekta au kwa ajili ya nyuki sijui, akaniambia, “Wewe na yule mzee mnajuana. Nenda uongee naye.”

Nilivuka kijito. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake kipya cha matawi, ananoa kisu.

“Habari, Mzee.”

“Mzuri.”

“Nyuki wamekaa kwa trekta.”

“Nimeona.”

“Kesho asubuhi wanataka kuwachoma na dizeli.”

Kisu kilisimama. “Na nikiitoa?”

Safari hii nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba akiwatoa, trekta itawashwa siku hiyohiyo au kesho yake, na miti iliyobaki kwenye kipande cha baba yake, mpaka kwenye mianzi, itakwisha kabla ya mwezi kuandama tena. Nilimwambia kwamba asipowatoa watachomwa, na trekta itawashwa vilevile, ila baada ya siku mbili zaidi. Nilimwambia hapa hakuna anachoweza kushinda. Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri zaidi.

Alimaliza kunoa kisu. Kisha akachagua mzinga mmoja kati ya ile aliyoipanga, akauinua, akauangalia ndani, akaurudisha, akachukua mwingine. “Hii ni ya baba,” alisema. “Iko na nafasi.” Aliwasha gome la mtarakwa likatoa moshi, tukavuka kijito pamoja.

Kazi ilichukua nusu siku. Alifanya kwa mikono mitupu na tawi la majani, akiwafagia taratibu kuelekea mdomo wa mzinga, akizungumza nao kwa lugha ya nyumbani kwake ambayo sikuijua. Sisi tulisimama mbali, wakataji, dereva wa lori, na mimi. Hakuna aliyecheka. Rangi nyekundu ya trekta ilianza kuonekana kidogo kidogo, kwanza kwenye winchi, halafu kwenye kiti, mpaka ikaonekana yote. Aliziba mdomo wa mzinga kwa kuvumwani aliyoibandua kwenye gome la kisiki, akaketi kwenye ngazi ya trekta, akaomba maji. Nilimpelekea. Mikono yake ilikuwa imevimba, nami nilikuwa na kitabu changu cha taarifa na kalamu, kwa sababu mkubwa wangu alitaka kujua kabla ya jioni.

Alikunywa yote, akanirudishia kikombe.

“Sasa imerudi,” alisema. “Umeona na macho yako.”

“Nimeona, Mzee.”

“Basi andika.”

Nilifungua kitabu nikaandika. Alikaa akiutazama mkono wangu tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, na kalamu iliposimama aliniambia asante. Akajitwika mzinga, akashuka nao kijitoni. Nilikuwa nimeandika kwamba trekta iko wazi, kazi iendelee kesho asubuhi.